Nifunge kwa leso, Mama: maneno kwa mzazi wa mtoto asiyetulia



Ndugu zangu, kina mama na kina baba, haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wazazi wenzangu hapa Mombasa. Baadhi yao wameniomba niyaandike wapate kuwatumia jamaa zao ambao hawakufika. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, na pale nilipokuwa nimesahau nimeongeza. Mimi si daktari wala si wakili. Ni mama wa kijana wa miaka 10, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimpiga kwa jambo ambalo hakulichagua.

Nianze na simu. Mzazi mwenye mtoto kama wangu anaijua simu hiyo. Ni saa nne asubuhi, uko jikoni ama uko kazini, unaona namba ya skuli, na moyo unakushuka kabla hujapokea. "Mama, njoo umchukue mtoto wako." Mara ya kwanza alikuwa amepanda juu ya dawati akaruka. Mara ya pili alimpokonya mwenzake rula, wakapigana. Mara ya tatu hakufanya kosa lolote kubwa, mwalimu alikuwa amechoka tu. Mara ya nne mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ukali: "Mama, skuli hii haimfai mtoto wako. Tafuta pengine." Hiyo ilikuwa skuli yake ya tatu, na kijana bado yuko Gredi ya pili.

Nyumbani watu walikuwa na majibu tayari. Jirani akasema nimemdekeza. Wifi yangu akasema ana jini. Shemeji akaniambia, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mzee mmoja wa mtaa akasema samaki mkunje angali mbichi. Na wengine hawakusema kitu, lakini wakija kwangu waliziweka simu zao juu ya kabati kabla hawajakaa.

Nikafanya yote niliyoambiwa. Nilimpiga kwa mkono, kwa champali, kwa mwiko. Nilimpeleka kusomewa, nikamnywesha kombe. Sisemi kusomewa ni vibaya. Mpaka leo simlazi mwanangu bila kumsomea. Ninalosema ni kwamba nilikimbilia huko ili nisiulize swali jingine: je, huyu mtoto anakiweza hiki ninachomtaka akifanye?

Jibu alinipa mwenyewe. Usiku mmoja alikuwa na hesabu kumi za kufanya. Nusu saa ikapita amefanya mbili. Ameinuka kunywa maji, ameinuka kutazama paka, ameangusha penseli, ameingia chini ya meza kuitafuta akabaki huko huko akicheza na kamba ya kiatu. Nikainua mkono. Hakukimbia. Aliingia chumbani kwangu akarudi na leso yangu, akanipa. Akasema, "Mama, nifunge kwa kiti. Nikifungwa nitamaliza."

Ndugu yangu unayesoma haya, mtoto asiyetaka kusoma haombi kufungwa. Niliishika ile leso sikujua niiweke wapi. Wiki hiyo hiyo nikaanza kutafuta daktari, na baada ya kwenda na kurudi mara kadhaa, na fomu za kujazwa na mimi na mwalimu wake, tukaambiwa mwanangu ana hali inayoitwa ADHD.

Hali hiyo ni kitu gani?

Herufi hizo nne ni kifupi cha jina la Kiingereza. Kwa lugha yetu twaweza kusema ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuongoza makini yake, kutuliza mwili wake na kuzuia pupa yake. Si jambo jipya. Mwaka wa 1902 daktari mmoja wa watoto jijini London, George Still, alitoa mihadhara kuhusu watoto wenye akili zao timamu lakini wasioweza kujizuia. Jina la hali hii limebadilika mara nyingi tangu wakati huo. Watoto ni wale wale.

Tena si ya wazungu peke yao. Tafiti za nchi nyingi hukadiria kama watoto 5 katika kila 100. Maana yake, darasa lenye watoto 60 huenda likawa na watatu. Walimu wengi wanaosoma haya tayari wamekwisha kuwataja hao watatu kimoyomoyo.

Dalili zake ni hizi. Yuko mtoto ambaye mwili wake hautulii: anapanda, anakimbia, miguu inacheza hata akiwa amekaa, anajibu kabla swali halijaisha, hawezi kungoja zamu. Yuko mwingine ambaye shida yake ni makini tu: anasahau, anapoteza daftari na sweta, unamwita mara tatu hasikii, anaanza kazi haimalizi. Na wako wenye yote mawili, kama wangu.

Yule wa pili, anayezubaa bila kumsumbua mtu, ndiye anayesahaulika. Na mara nyingi ni msichana. Hakuna simu ya saa nne kwa ajili yake. Anakaa nyuma ya darasa akitazama dirishani, ripoti inaandikwa "ajitahidi zaidi", na anakua akiamini kwamba yeye ni mjinga. Ukiwa na binti wa hivyo, maneno haya ni yako pia.

Lakini tahadhari. Si kila mtoto mtundu ana ADHD. Utundu ni wa watoto. Madaktari wanataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane zaidi ya mahali pamoja, na ziwe zinamharibia mtoto masomo yake ama maisha yake na wenzake. Mtoto anayesumbua skuli tu, na nyumbani ametulia, huenda shida iko huko skuli. Na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotoa jibu. Daktari huuliza, husikiliza, hutazama, na huomba maelezo ya mwalimu.

Daktari mzuri pia ataangalia mambo mengine kwanza, na wewe mkumbushe. Masikio: mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama mkaidi. Macho: asiyeona ubao atatafuta la kufanya. Usingizi: anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usiku huamka hana utulivu. Upungufu wa damu. Kifafa cha kuzubaa, ambapo mtoto hukatika kwa sekunde chache bila kuanguka. Malaria kali ya kupanda kichwani, ambayo watafiti wa Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba inaweza kumwachia mtoto shida ya kujifunza na kusema. Na tuseme lile tusilopenda kulisema: kuna mtoto anayehangaika kwa sababu kuna mtu anamfanyia ubaya, naye hana maneno ya kueleza.

Sasa, imetoka wapi? Sehemu kubwa ni ya kurithi. Nilipomweleza mama mkwe, kwanza alikataa, "Kwetu hatuna mtoto wa hivyo." Kisha akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kunihadithia jinsi babake huyu kijana alivyovunjika mkono mara mbili kabla ya miaka 9, alivyopotea Kongowea sokoni, alivyofukuzwa chuoni kwa kupanda mwembe wa maalimu. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Hakusema neno, lakini tangu siku ile hajamwita mwanawe mkaidi.

Kuna sababu nyingine pia zinazoongeza uwezekano: kuzaliwa kabla ya wakati, uzani mdogo wakati wa kuzaliwa, sigara au pombe wakati wa mimba, na sumu ya madini ya risasi. Hilo la risasi si geni kwetu. Wakaazi wa Owino Uhuru hapa hapa Mombasa walipigania kesi ya sumu iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka wa 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Na zisizo sababu? Sukari si sababu. Kumdekeza si sababu. Malezi yetu yanaweza kuizidisha shida ama kuipunguza, lakini hayakuileta. Mama, liweke chini hilo zigo.

Kuna swali naulizwa kila mara: "Mbona akipewa simu acheze gemu anakaa saa mbili hata hakohoi?" Ni swali la haki. Gemu inamlipa kila sekunde: sauti, rangi, pointi. Hesabu inamlipa kesho kutwa, mwalimu akisahihisha. Mtoto huyu si kwamba hana makini kabisa. Anayo, lakini usukani wake ni mgumu kushika, na unavutwa na kile kinacholipa haraka. Hiyo haimaanishi umwachie simu. Inamaanisha usiitumie kama ushahidi wa kumwita mwongo.

Kwa nini bakora haisaidii

Muulize mwanangu: je, yafaa kumkatiza mtu akisema? Atakwambia haifai. Yafaa kukimbia msikitini? Haifai. Kanuni zote anazijua, hata anawakumbusha wenzake. Shida yake haiko kwenye kujua. Iko kwenye ile nusu sekunde ya kujizuia kabla ya kufanya. Bakora inamkumbusha asichokisahau, wala haimpi breki anayoikosa. Matatu yenye breki mbovu hulipigi mawe. Unalipeleka gereji, na kabla halijatengenezwa unaliendesha polepole.

Watafiti wa Marekani waliopima ubongo wa watoto kwa picha, na kutoa matokeo yao mwaka wa 2007, walikuta kwamba kwa watoto hawa sehemu za ubongo zinazosaidia kujidhibiti hukomaa kama miaka 3 nyuma ya wenzao. Mimi hesabu hiyo imenisaidia kuliko mawaidha mengi. Mwanangu ana miaka 10. Kwa akili ya kujibu maswali ni wa miaka 10 na zaidi. Kwa kutulia, nachukulia kwamba ni wa miaka 7. Mtoto wa miaka 7 ungemtuma dukani avuke barabara kuu peke yake na pesa mkononi? Basi.

Na zile methali zetu, tusizitupe, lakini tuzisikilize vizuri. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu. Ukimpiga na gongo hakunjiki, anapondeka. Mtoto aliyezoea kupigwa hujifunza mambo mawili: kusema uongo, na kwamba mwenye nguvu ana haki ya kupiga. La pili atakwenda kulitumia kwa mdogo wake.

Tunayoyafanya nyumbani

Haya si ya kitabuni tu, nimeyajaribu. Mengine yalishindikana mwezi wa kwanza yakashika mwezi wa tatu.

Agizo ni moja kwa wakati. Zamani nilikuwa nikipiga kelele kutoka jikoni: "Vua yunifomu, oga, kula, chukua msahafu wako, uende chuo!" Akifika kwenye "oga" yamekwisha kupotea. Siku hizi namwendea, namgusa bega, namtazama usoni, namwambia, "Vua yunifomu." Akimaliza, la pili.

Ratiba iko ukutani, kwa michoro. Kuamka, swala, mswaki, chai, begi. Anaweka alama mwenyewe. Ukuta unamkumbusha bila kumtukana.

Kazi tunaikata vipande. Hesabu tatu, anaruka kamba, hesabu tatu nyingine. Nimenunua saa ndogo ya jikoni, tunaweka dakika 10. Anaruhusiwa kusoma akiwa amesimama. Kwani hesabu inajua umekaa?

Sifa ni papo hapo, na iwe ya jambo maalumu. Si "umekuwa mtoto mzuri leo", bali "umengoja mpaka nikamaliza kusema, ahsante." Mtoto huyu tangu alfajiri anasikia "acha", "toka", "wewe tena". Hesabu siku moja uone ni mara ngapi umemwambia neno jema. Mimi siku niliyohesabu ilikuwa mara mbili.

Adhabu ipo, sikuifuta. Lakini ni ndogo, ni ya hapo hapo, na haina hotuba. Amerusha mpira ndani ya nyumba, mpira unalala kabatini mpaka kesho. Kumnyima karamu ya wiki ijayo hakumfundishi kitu, kwake wiki ijayo ni kama mwakani.

Mwili upate kazi yake. Jumamosi babake humpeleka ufuoni akimbie na kuogelea mpaka achoke. Na usingizi uwe wa saa ile ile, simu zikiwa mbali.

Na usalama. Watoto hawa hupata ajali zaidi kuliko wenzao: barabarani, jikoni, baharini. Maji ya moto na jiko viweke mbali, na baharini asiachwe bila mtu mzima hata kama anajua kuogelea.

Chuoni

Tukumbuke siku ya mtoto wetu wa Pwani. Skuli mpaka saa tisa na nusu, nyumbani akala, saa kumi yuko chuoni mpaka magharibi. Dawati asubuhi, mkeka jioni. Hata mtoto mtulivu huchoka. Wengi wa watoto hawa hutolewa skuli na chuoni pia, na akitolewa kote kuwili hubaki na barabara.

Nilikwenda kwa maalimu wake nikamweleza. Sikwenda kulalamika, nilikwenda kuomba. Nilimwambia, "Maalimu, si kiburi, ni ubongo wake. Nisaidie." Alinisikiliza, Mungu amlipe. Alimweka mbele karibu naye. Akampa aya chache chache badala ya ukurasa. Akamruhusu asome akitembea ukutani kwa ukutani. Na akampa kazi ya kugawa misahafu na kuikusanya, akapata sababu ya halali ya kuinuka. Kijana yuko nusu ya Juzuu Amma. Wenzake wa rika lake wamemaliza. Sina haraka.

Walimu wetu wa chuo, nawaomba kwa heshima: mtoto ni amana kwenu kama alivyo amana kwetu. Atakayepigwa kila siku chuoni hatakumbuka mlichomsomesha. Atakumbuka fimbo, na siku akikua ataikimbia fimbo pamoja na mkeka wake.

Dawa

Najua hili ndilo mnalongoja. Zipo dawa za ADHD. Inayotumika zaidi inaitwa methylphenidate, na imejulikana tangu miaka ya 1940. Si kila mtoto anaihitaji. Kwa aliye chini ya miaka 6, ushauri ni kuanza kwa kuwafundisha wazazi namna ya kumlea kabla ya kufikiria dawa. Kwa mkubwa zaidi ambaye shida yake ni kali, dawa huwasaidia wengi.

Haiponyi. Inasaidia kwa saa kadhaa, kama miwani inavyomsaidia asiyeona vizuri wakati ameivaa. Ina madhara yake: hamu ya chakula hupungua, usingizi unaweza kuchelewa, wengine huumwa na kichwa au tumbo. Ndiyo sababu daktari hupima uzani, urefu na mapigo ya moyo mara kwa mara. Ni dawa ya maagizo ya daktari, inadhibitiwa, na haipewi mtoto wa jirani eti kwa sababu naye hatulii.

Wako wanaoogopa kwamba itamfungulia kijana mlango wa unga. Hofu hiyo naielewa, mitaa yetu imezika vijana wengi. Lakini tafiti hazionyeshi kwamba mtoto anayetibiwa vizuri huingia kwenye mihadarati zaidi kwa sababu ya matibabu. Anayeachwa bila msaada, amefukuzwa skuli na anajiona hafai, huyo ndiye wa kumhofia.

Wetu tulianza bila dawa, mwaka mzima. Baadaye tukakubaliana na daktari tujaribu. Ukiamua kutumia ama kutotumia, uamuzi ni wako na daktari wako. Usiachiwe na wifi wala na mtandao.

Haki ya mtoto wako skulini

Hapa ndipo nilipojuta zaidi, kwa sababu nilitolewa skuli tatu bila kuuliza swali moja. Nilidhani mwalimu mkuu akisema "tafuta pengine", basi ndiyo sheria. Siyo.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya kulindwa dhidi ya ukatili na adhabu ya kinyama. Kifungu hicho hicho kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 54 kinamlinda mwenye ulemavu apate elimu ndani ya jamii, asitengwe.

Kisha kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Inakataza kumbagua mtoto anapotaka kuingia skuli, hata kwa sababu ya ulemavu. Inakataza kumfukuza mwanafunzi kiholela: lazima njia nyingine zote za kumrekebisha ziwe zimejaribiwa, na lazima mtoto na mzazi wasikilizwe kwanza. "Njoo umchukue" kwa simu si kusikilizwa. Na kifungu cha 36 kinakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kwa maneno. Anayevunja kifungu hicho anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 ama kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, ama vyote viwili. Viboko skulini vilipigwa marufuku tangu 2001. Wengi wetu bado tunawapa walimu ruhusa wasiyokuwa nayo, tunasema, "Mwalimu, mpige tu, nakuachia."

Basi fanya hivi. Kwanza, mpeleke mtoto hospitali ya kaunti, uombe kuonana na daktari wa watoto ama idara ya afya ya akili, na uombe maelezo yake kwa maandishi. Pili, ulizia ofisi ya elimu kilipo kituo cha EARC kilicho karibu nawe. Ni vituo vya serikali vilivyoanza 1984, kazi yake ni kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu na kuishauri skuli. Tatu, peleka maandishi hayo skulini, na ombi lako liwe wazi na dogo: akae mbele, kazi ikatwe vipande, apewe ruhusa ya kuinuka kila baada ya muda, apewe muda zaidi wa mtihani. Mambo hayo hayahitaji bajeti. Nne, wakikuambia umtoe, sema kwa adabu, "Naomba uniandikie hilo, na sababu yake." Barua nyingi hazitaandikwa. Ikiandikwa, ipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na mtoto akiumizwa, namba ya watoto ya 116 hupigwa bila malipo.

Nilipokwenda skuli ya nne nilikwenda na karatasi mkononi, na babake pembeni yangu. Sikwenda na ukali. Mwalimu wa darasa alisoma, akasema, "Mama, na mimi ndugu yangu yuko hivi." Sikusema skuli zote zitakuwa hivyo. Lakini usiende mikono mitupu.

Kwa nini nasisitiza? Watafiti waliokusanya tafiti za magereza za nchi mbalimbali walikadiria kwamba kama robo ya wafungwa wana ADHD. Haimaanishi mwanao atakuwa mhalifu, hata kidogo. Watoto wengi wa hivi wanakua na kufanikiwa, wana bidii, wana moyo mkunjufu, wanafanya kazi zisizotaka kukaa kitini. Inamaanisha tu kwamba njia ya mtoto aliyefukuzwa skuli, asiyeweza kuzuia neno lake mbele ya askari usiku, ni fupi. Sisi wazazi wa mitaa hii twajua inaishia wapi. Ni rahisi zaidi kumpigania akiwa na miaka 7 ofisini kwa mwalimu mkuu kuliko akiwa na 17 kituoni.

Neno la mwisho ni kwa kina baba. Tunaambiwa asofunzwa na mamae hufunzwa na ulimwengu, na mama analibeba neno hilo peke yake. Lakini pia tunaambiwa mkono mmoja haulei mwana. Mtoto huyu anachosha. Nakiri mbele yenu, kuna siku najifungia chooni dakika tano nisije nikarudia mwiko. Ukimwona mke wako amefika hapo, usimuulize amempa nini mtoto. Mchukue mtoto mtoke, mwache apumzike.

Kijana wangu bado anapoteza sweta. Wiki iliyopita skuli ilipiga simu, nikashtuka kama zamani. Mwalimu alitaka kuniambia amesahau begi lake uwanjani, na kwamba leo amengoja zamu yake mpaka mwisho. Akasema, "Nimeona nikwambie na hilo la pili."

Ile leso bado ninayo. Naivaa nikienda kwenye mikutano ya wazazi.

Mwenyezi Mungu atupe subira, na atupe na elimu ya kuitumia. Ukimjua mzazi anayempiga mtoto kama huyu kwa kutojua, mtumie maneno haya. Usimlaumu. Nilikuwa yeye.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.